Bakuli la kauri kwa krambo ya matunda: uzoefu wangu

Bakuli ninalolizungumzia ni la kauri iliyopakwa glezi, lile tabaka linalong'aa kama kioo, ndani na nje, la mstatili, sentimita 20 kwa 28, kina chake sentimita 5, na lina mikono miwili mifupi ubavuni. Kazi yake kubwa kwangu ni krambo, yaani matunda yanayookwa chini ya tabaka la chengachenga za unga, siagi na sukari. Nalipatia nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimeibana kwa sababu kitako chake huchelewa kushika moto. Ukifuata dakika za pishi lililoandikwa kwa trei ya bati, utatoa krambo iliyokwisha kuwa kahawia juu huku matufaha ya chini bado yanagoma kwenye kisu.

Ninachokithamini zaidi ni upana wake. Matunda mengi ya krambo yana maji zaidi ya asilimia 80, na maji hayo yakichemka hayana njia nyingine ya kutokea isipokuwa kupenya chengachenga. Katika bakuli jembamba lenye kina kirefu, tunda hukaa kimo cha sentimita 6 au 7, uso wa juu ni mdogo, na mvuke wote unabanwa pale pale. Nusu ya chini ya chengachenga hulowa na kuwa kama ugali mbichi mtamu, na hakuna dakika za ziada zitakazoikausha. Katika bakuli hili tunda hufika kama sentimita 3, chengachenga sentimita 1.5, na inabaki nafasi ndogo kabla ya ukingo. Mvuke unatoka upesi, juu panakauka, na ukichota kijiko unasikia mlio.

Vipimo vinavyolitosha bakuli hili bila kufurika: matufaha gramu 900 baada ya kumenya na kutoa mbegu, sukari gramu 70, wanga wa mahindi gramu 10, maji ya limau kijiko kimoja cha mezani, mdalasini nusu kijiko cha chai na chumvi kidogo. Kwa chengachenga: unga wa ngano gramu 160, oti bapa gramu 60, siagi baridi gramu 110, sukari ya kahawia gramu 80, chumvi robo kijiko cha chai kama siagi haina chumvi. Tumia mizani. Kikombe cha unga kilichoshindiliwa kinaweza kuzidi kile kilichomiminwa taratibu kwa gramu 30 hivi, na tofauti hiyo inatosha kabisa kugeuza chengachenga kuwa vumbi kavu.

Aina ya matufaha huamua mengi. Granny Smith hubaki vipande na yana ukali unaosawazisha sukari. Bramley huyeyuka kuwa rojo, jambo ambalo wapo wanaolitaka. McIntosh nayo hulainika sana. Mimi huchanganya theluthi mbili ya yanayoshika umbo na theluthi moja ya yanayoyeyuka, ili rojo lizibe mianya kati ya vipande. Mianya hiyo ndiyo inayomeza chengachenga: vipande vikiwa vikubwa, vimepangwa ovyo na vimeachana, chenga ndogo hutumbukia katikati yao na kupikwa ndani ya maji ya tunda. Kata vipande vya unene wa sentimita 1, visizidi 1.5.

Kwa bakuli la kauri siweki matufaha mabichi. Hii ndiyo dawa ya kile kitako kizito. Kauri hupitisha joto polepole kuliko aluminiamu, kwa hiyo katika dakika 15 za mwanzo moto wa oveni unapasha bakuli kwanza kabla ya kupasha tunda. Weka matufaha, sukari na limau kwenye sufuria pana, moto wa wastani, dakika 5 au 6, ukigeuza kwa upole, mpaka kingo zilainike na maji yaanze kukusanyika. Koroga wanga katika vijiko viwili vya maji baridi, mimina, geuza kwa dakika moja, kisha hamishia kwenye bakuli. Usinyunyize wanga mkavu juu ya tunda la moto. Utafanya madonge meupe ambayo hayayeyuki tena. Tunda likiingia kwenye bakuli likiwa tayari na joto, chini na juu vitaiva kwa wakati mmoja.

Chengachenga nazo zina adui wao, nalo ni joto la mikono. Kata siagi vipande vidogo ikiwa imetoka friji, fikicha kwa ncha za vidole ndani ya unga, ukinyanyua mikono ili hewa ipite. Ikianza kung'aa na kunata vidoleni, imeyeyuka. Rudisha bakuli zima la mchanganyiko kwenye friji dakika 10 kabla ya kuendelea. Ukiikaidi dalili hiyo, mafuta yatasambaa kwenye unga wote na tabaka litaoka kama biskuti moja bapa yenye mafuta. Tia sukari na oti baada ya kufikicha, kisha kamata mchanganyiko kwa ngumi, ubane, uachie uvunjike. Unataka karibu nusu yake iwe madonge ya ukubwa wa punje za mbaazi na nusu iwe kama mchanga mnyevu. Madonge ndiyo yanayolia mdomoni, ule mchanga hujaza katikati. Ikiwa hayashikani hata kidogo, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha maji baridi, ubane tena. Kisha friji dakika 20, au friza dakika 10.

Kuhusu mafuta yenyewe: siagi ya kawaida ina mafuta angalau asilimia 80 na maji karibu asilimia 16. Majarini ngumu ya kuokea inafanya kazi vizuri, ladha tu ndiyo inayopungua. Majarini laini ya kupaka mkate ina maji mengi zaidi, na kwa krambo ni hasara: chengachenga hutoka laini hata ungeziacha nusu saa zaidi. Oti ziwe zile bapa nzima. Za kupika kwa dakika moja zimekatwa vidogo sana, hunywa maji na kulegea. Ukitaka lozi au jozi, katakata gramu 50 uzitie pamoja na oti, lakini zisikae juu kabisa kwa sababu huungua kabla ya unga kuiva.

Mwaga chengachenga kwa mkono, bila kushindilia. Kushindilia ni kufunga mlango wa mvuke. Juu yake nyunyiza kijiko kimoja cha mezani cha sukari ya kahawia yenye punje kubwa; punje hizo haziyeyuki upesi na huacha ukavu wa ziada.

Oveni iwe nyuzi 190 za Selsiasi, au 175 kama ina feni. Bakuli likae kwenye wavu wa theluthi ya chini, na chini yake uwe na trei ya kudaka sharubati itakayomwagika, maana sukari ikiungua kwenye sakafu ya oveni ni kazi ya siku nzima. Kwa tunda lililopashwa kwanza, dakika 35 hadi 40. Kwa tunda bichi katika bakuli hili hili, hesabu 50 hadi 55, na huenda ukahitaji kufunika juu kwa foili katika dakika 15 za mwisho. Foili ilazwe tu juu, pembe zikiwa wazi. Ukiikaza, umefunga mvuke ndani.

Rangi pekee haitoshi kukuambia imeiva. Angalia mapovu. Wanga wa mahindi huanza kuvimba karibu nyuzi 65 na hukamilisha kazi yake unapokaribia nyuzi 95, kwa hiyo maji ya tunda lazima yachemke kwelikweli. Mapovu mepesi yanayopasuka haraka maana yake sharubati bado ni maji. Yakiwa mazito, yanapanda polepole na kupasuka kwa uvivu, na yanaonekana katikati na si pembeni tu, hesabu dakika 5 kisha toa. Hapa bakuli la kioo lina faida ya wazi, kwani unaona ubavuni kinachoendelea ndani. Kwenye kauri inabidi uchungulie mianya ya juu au uchome kipimajoto katikati ya tunda; nyuzi 93 na kuendelea ni salama.

Kwa matunda yenye maji mengi nabadili utaratibu kabisa. Nanasi hulikata vipande vya sentimita 1.5 na kulipika kwenye sufuria iliyo wazi dakika 8 hadi 10 mpaka maji yapungue. Pichi zilizoiva huzinyunyizia sukari nusu saa, nachuja maji yaliyotoka, nayachemsha yabaki nusu, kisha narudisha. Beri za friza hupata wanga gramu 20 kwa gramu 900, maradufu ya matufaha, kwa sababu barafu imekwisha pasua tunda ndani na kila kitu humwagika. Embe lichaguliwe lililoiva lakini bado gumu kidogo, sukari gramu 30 tu, bila kulipika kabla. Ndizi peke yake siipendekezi, hugeuka uji.

Na kwa hayo ya maji mengi, njia ninayoiamini kuliko zote ni kuoka chengachenga peke yake. Zitandaze kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea, nyuzi 170, dakika 20 hadi 25, ukizigeuza mara moja katikati. Tunda lioke wazi ndani ya bakuli. Dakika 10 za mwisho unamwagia chengachenga juu ili zishikane na sharubati. Zinazobaki huwekwa kwenye chombo kisichopitisha hewa na bado zitalia siku kadhaa baadaye.

Makosa mengine hujieleza yenyewe ukiangalia juu. Palipo peupe na unga mkavu, siagi ilipungua au haikufikichwa hadi chini. Pakiwa pagumu kama jiwe, sukari ilizidi. Ikifika sawa na unga kwa uzito, juu pataganda kama peremende. Juu pakibonyea katikati, tunda lilikuwa bichi na lenye mianya, likashuka likaacha pango.

Baada ya kutoa, acha bakuli kwenye wavu dakika 20. Sharubati huendelea kuwa nzito inapopoa, na hapo ndipo kauri inapojilipia: bado ni vuguvugu nzuri baada ya nusu saa, wakati trei ya bati imekwisha poa. Usifunike ikiwa na joto. Kesho yake pasha kwenye oveni nyuzi 160 kwa dakika 15, na bakuli litoke friji mapema lipoteze baridi yake kwanza. Maikrowevu hulainisha chengachenga.

Tahadhari kubwa ya chombo hiki ni mshtuko wa joto. Usilitoe friza ukaliingiza kwenye oveni ya moto, wala usiliweke likiwa moto juu ya meza yenye maji. Ukitaka kuhifadhi kwa muda, gandisha chengachenga mbichi kwenye mfuko, hadi miezi 3, kisha zimwage zikiwa bado zimeganda juu ya tunda na uongeze dakika 5. Ukingo wa kitako, ambao pekee hauna glezi, hunywa maji ukiloweshwa, kwa hiyo bakuli likauke kabisa kabla ya kurudi kwenye moto.

Glezi ni nzuri kwa matunda makali, haiachi ladha ya chuma kama aluminiamu tupu au kikaango cha chuma kisichopakwa. Sukari iliyoungua pembeni hutoka baada ya saa moja katika maji ya moto yenye magadi soda. Mistari ya kijivu utakayoiona chini ni alama za kijiko cha chuma, wala si nyufa. Sugua kwa magadi soda yaliyoloweshwa kidogo, na siku nyingine pakua kwa mwiko wa mbao.