Taa za baiskeli za kuchaji nilizonunua Mbuyuni, mwezi wa nne huu

Aisee mi sio mtu wa mashindano, nina baiskeli yangu Phoenix ya chuma, asubuhi naleta mayai Moshi mjini, jioni narudi Kiboriloni na kiroba cha chakula cha kuku kwenye keria. Na ile barabara ya Himo jioni mnaijua, malori, mabasi, noah zinagombania abiria, saa moja giza lishaingia. Dainamo ilikufa kitambo na hata ilipokua nzima ukisimama tu taa inazima, yaani palepale unaposubiri kukata kona ndo hauonekani.

Basi nikaenda duka moja Mbuyuni, mangi mwenye duka akaanzia 25,000 nikatoka na seti kwa 18,000, nyeupe ya mbele nyekundu ya nyuma, zinachajiwa kwa waya wa simu.

Ya mbele inamulika kuliko nilivyotegemea. Boksi linasema masaa 8 lakini ukiweka mwanga mkubwa mawili tu na kidogo imekata, kwahiyo naweka wa kati. Iinamishe kidogo, wiki ya kwanza niliielekeza mbele moja kwa moja bodaboda akanipigia kelele "mzee shusha full hiyo!" nikacheka mwenyewe, baiskeli nayo inaambiwa ishushe full. Mkanda wake ni mrefu kwa usukani mwembamba, ukiruka tuta taa inageuka inamulika tairi, nikazungushia kipande cha tyubu kwanza ndo ikakaza.

Sasa ya nyuma. Mangi mwenyewe alinifungia kwenye bomba la siti, nikaona safi nikaondoka. Siku ya tatu shemeji yangu ananipita na bajaji anasema we shemeji mbona hauna taa, namwambia ninayo, kushuka kuangalia kumbe kiroba kimeifunika yote! Siku tatu namulikia kiroba. Nikaihamishia mwisho kabisa wa keria, upande wa kulia maana gari zinatupita kulia, na nikahakikisha inaangalia nyuma sio mawinguni. Koti refu nalo linafunika, angalia hilo. Nilikua naiacha inapepesa, shemeji akasema inaonekana upesi kweli ila dereva hajui uko mbali kiasi gani, so sikuizi inawaka moja kwa moja. Na pedali nimezibandika reflekta, zile zinavyopanda na kushuka mtu wa nyuma anajua tu hii ni baiskeli.

Shida ni mvua. Kile kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kimelegea, masika maji yakaingia ya nyuma ikagoma, nikaianika siku nzima ikarudi, sasa ikinyesha naivalisha kipande cha nailoni na raba bendi. Klipu nayo imeanza ufa, nimerudi kwa mangi kuulizia klipu tu anasema hamna, ninunue seti nyingine. Nampa nyota 3 kati ya 5, ya nne nilikua naitoa kabisa, akaniharibia na hiyo ya klipu.