Made in Japan ya Deep Purple, kwa masikio ya fundi wa spika

Kazi yangu ni sauti. Harusi za Mamboleo, matanga ya Seme na Nyakach, mikutano ya injili Kondele: mwenye shughuli akinipigia simu napakia spika, amplifaya na miksa, na nikifika jambo la kwanza ni kuvutana na mpiga kinanda anayetaka asikike peke yake. Kwa hiyo msitarajie niwafafanulie mashairi ya santuri hii. Mashairi ya Deep Purple, bendi ya roki kutoka Uingereza, tuseme ukweli, ni magari ya mbio, wanawake wagumu na safari za angani. Nitazungumzia wanavyosikika, nani anamwachia nani nafasi, na kwa nini wazee wa rika la baba yangu hukusanyika Jumamosi jioni hapa mtaani Lolwe, Kisumu, kusikiliza onyesho lililopigwa kabla mimi sijazaliwa.

Nakala yangu ni ya mtumba, shilingi 4,500, ilikuja na basi la usiku kutoka Nairobi. Jalada la rangi ya dhahabu limechakaa pembeni, lakini sahani zote mbili ziko sawa isipokuwa mikwaruzo kidogo upande wa nne. Kwa bei hiyo sina lalamiko.

Onyesho lenyewe ni siku tatu za Agosti 1972: tarehe 15 na 16 Festival Hall, Osaka, kisha tarehe 17 Budokan, Tokyo. Bendi haikuwa na hamu ya kutoa rekodi ya jukwaani. Ni kampuni ya Japani iliyotaka kitu cha kuuza kule kwao, na wanabendi wakakubali kwa sharti kwamba wao ndio wenye neno la mwisho. Wakaja na fundi wao, Martin Birch, yule ambaye miaka iliyofuata alisimamia rekodi za Iron Maiden. Birch alirekodi kwa mashine ya njia nane tu, yaani sehemu nane za kuwekea sauti tofauti. Nane! Humo ilibidi aingize ngoma za Ian Paice, besi ya Roger Glover, gitaa la Ritchie Blackmore, kinanda cha Jon Lord, sauti ya Ian Gillan, na watu wenyewe wakipiga makofi. Miksa yangu ina njia 16 na kwaya moja ya Migosi hunimalizia zote.

Na bado kila mtu anasikika. Hilo ndilo ninaloipendea santuri hii kuliko lolote. Kinanda kimewekwa upande mmoja, gitaa upande mwingine, besi na ngoma katikati, na ukikaa sawasawa kati ya spika mbili unaweza kuwaonyesha kwa kidole walikosimama. Kumbuka kwamba Lord hakupiga kinanda cha upole. Hammond yake, kinanda cha umeme, aliipitisha kwenye amplifaya za Marshall zilizotengenezewa gitaa, ikawa inanguruma na kukwaruza hadi mgeni hajui kama anasikia kinanda au gitaa. Fundi asiye makini angeacha hivyo viwili vimezane. Mwanzo wa Highway Star unasikia Birch alivyolikwepa hilo: ngoma na kinanda vinapanda polepole, gitaa linaingia kwa nafasi yake, na Gillan akianza kuimba hakuna anayelazimika kumpisha.

Mwaka huohuo wa 1972 walipimwa desibeli 117 kwenye ukumbi wa Rainbow, London, na kitabu cha Guinness kikawataja kuwa bendi yenye kelele kuliko zote duniani. Nimesimama karibu na spika zangu mwenyewe zikifika karibu na hapo na sipendekezi kwa mtu yeyote. Lakini sauti kubwa na sauti mbovu ni vitu viwili. Made in Japan ukiifungulia mpaka madirisha ya Mwalimu, mzee ambaye tunasikilizia kwake, yatetemeke, bado haikuchoshi sikio, kwa sababu ule mkwaruzo ulitoka kwenye vyombo vyao, si kwenye tepu iliyozidiwa.

Kuna kipande kati ya nyimbo ambacho kila fundi wa sauti nchini anafaa kusikia. Gillan anaomba aongezewe spika za jukwaani, zile za mwimbaji kujisikia, halafu linakuja ombi eti kila kitu kiwe juu kuliko kila kitu kingine. Nilicheka hadi wazee wakaniuliza kuna nini. Hilo ndilo ombi ninaloletewa kila Jumamosi na MC wa harusi, isipokuwa yeye hatanii.

Sasa, wazee. Mwenye nyumba ni Mwalimu, alifundisha kemia hadi akastaafu. Mwingine alifanya kazi Relwe, shirika la reli. Wa tatu alipiga besi kwenye bendi za benga, muziki wa magitaa wa Waluo, enzi zake na vidole vyake bado vinatembea juu ya goti muziki ukianza. Wote waliwajua Deep Purple wakiwa shule za bweni miaka ya sabini. Huniita nyathina, yaani mtoto wangu, na kuniagiza niongeze sauti. Mimi huwaita jaduong', yaani mzee, na kuongeza kidogo tu.

Huyu mpiga besi ndiye aliyenifungua masikio kuhusu Strange Kind of Woman. Katikati ya wimbo bendi inanyamaza karibu kabisa, Blackmore anapiga kipande kifupi cha gitaa, Gillan anakirudia kwa koo. Gitaa linapanda, sauti inapanda. Gitaa linapinda, naye anapinda hapohapo, mpaka Gillan anatoa ukelele mmoja mrefu ambao gitaa halina jibu lake. Wazungu walioandika juu ya rekodi hii husimulia kama maajabu. Mzee wangu akasema, "Nyathina, si hii ni benga?" Na kweli, kwa mtu aliyelelewa na mwanabenga D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, gitaa kuitikia mwimbaji neno kwa neno ndiyo shule ya kwanza. Mwimbaji anamaliza mstari, gitaa la solo linaurudia, halafu maneno yakiisha magitaa yanabaki peke yao na watu ndipo wanaanza kucheza. Aliyewahi kukesha na bendi ya benga matangani hashangai wimbo ukipita dakika kumi. Anashangaa ukiisha kwa dakika tatu.

Ndiyo maana Child in Time, dakika kumi na mbili, haijawahi kumchosha mtu pale Lolwe. Inaanza kwa kinanda kitupu, chini kabisa, na Gillan anaingia kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. Halafu anapanda kwa hatua, bila maneno, mpaka mahali ambapo maiki zangu zingekuwa zimeshapiga mluzi. Mzee wa Relwe husimama kila ikifika hapo. Hajawahi kueleza sababu na hatujamuuliza.

Ubishi wetu mkubwa uko kwenye nyimbo nne zilizotoka Machine Head, albamu waliyorekodi Montreux, Uswisi, Desemba 1971, baada ya ukumbi wa kasino kuungua wakati wa onyesho la Frank Zappa. Moto huo ndio uliozaa Smoke on the Water. Mwalimu anashikilia kwamba nakala ya Machine Head ndiyo sahihi: fupi, safi, kila kitu mahali pake. Mimi nasema sikiliza ile ya Osaka ya tarehe 15. Blackmore anaanza ule mpigo maarufu, watu wanapiga makofi ambayo hayaendani naye vizuri, naye anauvuta na kuukata mpaka ngoma zinapoingia. Wanabendi wenyewe wamesisitiza kwamba hakuna kilichoongezwa studio baadaye. Kwangu hilo lina thamani kuliko usafi, maana nimeona rekodi za "jukwaani" za humu nchini ambazo hata makofi yamebandikwa.

Lakini si kila kitu kinafaa kila siku. The Mule ni Paice na ngoma zake kwa muda mwingi, na ingawa mkono wake ni mwepesi ajabu, hapo ndipo wazee huenda kuongeza chai. Space Truckin' imechukua upande mzima wa nne, dakika zipatazo ishirini. Nusu ya kwanza inakimbia vizuri sana. Nusu ya pili Lord na Blackmore wanatoa milio ambayo jirani aliwahi kupiga simu kuuliza kama stima ina hitilafu. Sehemu hiyo nadhani ulihitaji kuwa ukumbini.

Na usiisikilize kwa simu. Spika ya simu itakupa Gillan na sahani za ngoma, besi ya Glover itapotea yote, na bila besi hiyo utadhani ni watu wanne wanaogombana. Kama huna spika nzuri, vaa hata vile vya masikio vya kawaida.

Kikosi hiki hakikudumu. Tarehe 29 Juni 1973, tena Osaka, Gillan na Glover walipiga onyesho lao la mwisho kabla ya kuondoka, wote watano wakarudiana mwaka 1984, na Jon Lord akafariki Julai 2012. Bendi bado inazunguka na Paice, Glover na Gillan. Mpiga besi wetu hutazama maonyesho ya siku hizi na kusema uzee umewafunza kupiga noti chache zaidi. Mwalimu hataki kuyaona.

Kuhusu nakala ya kununua: ukipata santuri ya zamani isiyokwaruzika, chukua. Toleo la diski la 1998 lina nyimbo za ziada walizopiga watu walipowaita warudi jukwaani. Kuna pia seti ya diski tatu ya 1993 yenye sehemu kubwa ya siku zote tatu, na Mwalimu ameshaiagiza ili tulinganishe Smoke on the Water tatu mfululizo. Nimemwambia siku hiyo nitatoza bei ya harusi.