Kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa za Marekani: uzoefu wangu kutoka Texas hadi Colorado

Kadi ninayoizungumzia inaitwa America the Beautiful, na kwa mkazi wa Marekani inauzwa dola 80 kwa mwaka. Mwenye nayo huingia katika hifadhi zote za taifa zinazotoza kiingilio, pamoja na misitu na maeneo mengine ya serikali kuu, yeye na wote waliomo katika gari lake binafsi. Niliinunua kwenye kibanda cha kiingilio cha Petrified Forest, Arizona, tukiwa safarini na mume wangu, watoto wetu na mama mkwe wangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Tulianzia Dallas, tukashika barabara ya I-40 kupitia Amarillo na Albuquerque, tukazunguka Arizona, Utah na Colorado, kisha tukarejea Texas.

Nianze na hesabu. Kiingilio cha gari moja katika Petrified Forest ni dola 25. Grand Canyon, Zion na Bryce Canyon ni dola 35 kila moja. Arches ni dola 30, na Mesa Verde katika msimu wa kiangazi ni dola 30 vilevile. Jumla ni dola 190, nasi tulilipa 80. Mama mkwe, aliyezoea utaratibu wa nyumbani wa kulipa kwa kila kichwa na kwa kila saa 24, aliuliza mara mbili kama kweli hatudaiwi chochote kwa ajili yake.

Hata hivyo, faida niliyoithamini zaidi si hizo dola zilizookolewa. Familia inayosafiri na watoto haiwezi kupanga kila saa, na mara nyingi hufika mahali jua limeshaanza kuinama au mtoto mmoja amechoka. Tulifika Bryce Canyon katika hali hiyo, tukasimama Sunset Point tukitazama nguzo za mawe mekundu, na kabla ya giza tukaondoka kwenda kulala. Kama tungetakiwa kutoa dola 35 kwa muda mfupi namna ile, nina hakika tungepita bila kuingia. Petrified Forest nayo, ambako magogo ya miti yaliyogeuka kuwa mawe yana umri wa zaidi ya miaka milioni 200, tulikuwa tumeipanga kama mahali pa kunyoosha miguu tu. Watoto ndio waliokataa kuondoka. Mtu akishakuwa na kadi, haketi tena getini akipima kama inafaa kuingia.

Lakini mnunuzi aelewe mipaka yake, na hakuna mahali inapoonekana wazi kama katika mji mdogo wa Page, kaskazini mwa Arizona. Ukienda ufuoni mwa Ziwa Powell, unaingia kwa kadi, kwa kuwa eneo hilo ni la serikali kuu. Ukienda Horseshoe Bend, mahali Mto Colorado unapojipinda kama kwato ya farasi, unalipia maegesho, kwa sababu maegesho hayo ni ya halmashauri ya mji. Ukienda Antelope Canyon, umeingia katika ardhi ya Taifa la Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani wenye serikali yao wenyewe: kadi haina nguvu, na huruhusiwi kuingia bila kiongozi wa watalii unayemlipa. Monument Valley ni ya Wanavajo pia, na vivyo hivyo Four Corners, pale majimbo manne yanapokutana na ambapo kila mtoto hutaka kupigwa picha mkono na mguu vikiwa katika majimbo tofauti. Sioni hilo kuwa kasoro, kwani mwenye ardhi ana haki ya kutoza kiingilio chake. Ila anayepanga bajeti ya eneo hili asidhani kwamba dola 80 zimemaliza kila kitu. (Kuhusu saa: Arizona haibadilishi saa zake wakati wa kiangazi, lakini Wanavajo hubadilisha, kwa hiyo simu yako inaweza kukudanganya kwa saa nzima. Ziara za Antelope Canyon hufuata saa za Page.)

Kadi pia haikupi nafasi iliyohifadhiwa. Msimu tuliosafiri sisi, Arches ilidai kila gari liwe limeweka miadi ya muda wa kuingia kupitia intaneti, na mwenye kadi hakusamehewa. Mesa Verde, ukitaka kushuka hadi ndani ya Cliff Palace, nyumba zilizojengwa na Wapueblo wa kale chini ya mwamba, lazima uwe na tiketi ya ziara, ambayo hununuliwa kando. Ada za kupiga kambi nazo hazimo. Zion iko tofauti kidogo: basi linalopanda bondeni ni la bure kwa kila aliyeingia, na msimu ambao mabasi hayo yanafanya kazi, magari binafsi hayaruhusiwi kwenye barabara hiyo ya bonde. Fika asubuhi na mapema, maana maegesho hujaa.

Mambo mawili madogo: mlangoni huulizwa kadi pamoja na kitambulisho chenye picha, na kadi ikipotea hupewi nyingine wala fedha hazirejeshwi. Yetu ilikaa katika pochi ya mume wangu, si kwenye dashibodi.

Ninaipendekeza kwa yeyote ambaye njia yake inapita hifadhi tatu au zaidi. Kwa anayekwenda Grand Canyon tu na kurudi, ni kupoteza fedha. Na kwa ndugu wanaotoka Afrika Mashariki kuja kutembea, hesabu imebadilika tangu Januari 2026: asiye mkazi wa Marekani huuziwa kadi kwa dola 250, na asipokuwa na kadi hutozwa dola 100 kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 16 au zaidi, juu ya kiingilio cha kawaida, katika hifadhi 11 zenye wageni wengi, zikiwemo Grand Canyon, Zion na Bryce Canyon. Wageni wawili watu wazima katika gari moja watalipa dola 235 Grand Canyon, na wakiongeza Zion watafika 470.