TAHADHARI: Dola za fedha za "CC" zinazouzwa bei ya kutupa

Yanazunguka mitandaoni matangazo ya dola za zamani za Marekani aina ya Morgan, zenye herufi CC, dola 10 hadi 15 kila moja. Usitume hela. Sarafu halisi ina gramu 24 za madini ya fedha tupu. Kwa bei ya fedha ya sasa, hata iliyochakaa haiwezi kuuzwa hivyo.

Anza na mwaka, maana hapo huhitaji kifaa. Dola hiyo ya zamani, aliyoichora George T. Morgan, ilipigwa chapa 1878 hadi 1904, kisha 1921. Kiwanda cha Carson City, Nevada, chenye alama ya CC, kiliitoa 1878 hadi 1885 na 1889 hadi 1893 tu. Ukioneshwa CC ya 1887 au ya 1921, ni feki, funga mazungumzo. Matapeli huchukua upande wa kichwa kwenye sarafu moja na upande wa tai kwenye nyingine, bila kujali kama miaka inaoana.

Ukiwa nayo mkononi, ipime kwa mizani ya sonara: gramu 26.73, pungufu kidogo ikiwa imelika. Upana ni milimita 38.1, unene kama 2.4. Vipimo hivi viende pamoja. Shaba nyeupe au chuma ni chepesi kuliko fedha, kwa hiyo feki yenye upana na unene sahihi itapungua uzito, na yenye uzito sahihi itakuwa nene. Sumaku ikiinasa, ni feki; isipoinasa, bado hujajua kitu, kwani feki nyingi si za chuma.

Kipimo cha maji ndicho kigumu kudanganya. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa kitako wala ukingo wa glasi. Isome: fedha halisi huongeza takriban gramu 2.6. Sarafu yenye uzito sahihi ikionesha 3 na zaidi, si fedha.

Wabaya zaidi ni wanaochukua Morgan halali ya 1889, ya bei ya kawaida, na kubandika CC ionekane ile adimu, ambayo zilipigwa 350,000 tu. Hiyo itapita vipimo vyote hapo juu. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, angalia upande wa tai, chini ya shada, juu ya herufi DO za neno DOLLAR. Herufi halali huinuka kutoka kwenye uso wa sarafu bila mpaka. Ya kubandika huacha mstari mwembamba miguuni, au rangi tofauti kuizunguka.

Kasha la plastiki la PCGS au NGC, kampuni zinazothibitisha sarafu, nalo hughushiwa. Tafuta namba yake kwenye tovuti ya kampuni, na kama picha ipo ilinganishe mkwaruzo kwa mkwaruzo, maana namba halali huibwa na kuchapishwa kwenye makasha mengi. Muuzaji akikataa kukupa picha ya ukingo na namba hiyo kabla ya malipo, achana naye.