Swali, shilingi au kamati: zana ipi bungeni inaibana Serikali?

Wananchi wenye boma la zahanati lililosubiri bati miaka kadhaa wana njia tatu za kuibana Serikali kupitia mbunge wao: swali, shilingi na kamati ya hesabu. Zote zinasimama juu ya Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania, inayolipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Makali yake hayalingani.

Swali la msingi ni butu. Linapelekwa kwa maandishi, wizara inajiandaa, kisha bunge zima linasomewa kwamba Serikali itaendelea kutenga fedha kadiri zitakapopatikana. Kazi iko kwenye maswali mawili ya nyongeza, kwa kuwa hayo hayakuletwa mapema. Mbunge mzoefu huuliza fedha zimo kwenye bajeti ya mwaka upi na ujenzi unaanza lini. Asiyejua huuliza, "Je, Waziri yuko tayari kuongozana nami jimboni?" Waziri yuko tayari siku zote. Bati halijatajwa.

Kabla ya hapo, swali lilenge mlango sahihi. Zahanati ya halmashauri iko TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, si Wizara ya Afya. Barabara ya mtaani ni ya wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, tangu 2017, nayo pia iko TAMISEMI. Barabara kuu ni wakala wa TANROADS, Wizara ya Ujenzi. Maji ya kijijini ni wakala wa RUWASA tangu 2019, Wizara ya Maji.

Uhondo uko kwenye kushika shilingi. Bajeti ya wizara ikifika Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima linapoipitia fungu kwa fungu, mbunge asiyeridhika husimama kwenye mshahara wa Waziri na kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja. Kihesabu si kitu, ila Waziri analazimika kueleza kwa kina, na wenzake wakiunga mkono panakuwa na mjadala. Kasoro ni mbili. Muda ukiisha, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo, kwa hiyo anayechelewa kusimama amekosa. Halafu shilingi hurudishwa kirahisi mno, mara nyingi kwa ahadi ya "tutalifanyia kazi". Si ajabu: Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti, na chama chenye wabunge wengi hakina hamu ya kumwaibisha waziri wake. Shilingi isirudishwe kabla Waziri hajataja kiasi, jina la mradi na robo ya mwaka fedha zitakapotoka. Hayo yakishaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, mbunge ana pa kumshikia mwakani.

Kamati za hesabu, PAC ya Serikali Kuu na LAAC ya serikali za mitaa, zinakwenda polepole lakini ndizo zinazouma. Zinafanyia kazi ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inayokabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwekwa mezani bungeni Aprili. Fedha zimeshatumika, kweli, ila anayehojiwa ni Afisa Masuuli aliyeidhinisha malipo, mwenye hati mkononi. Sakata la Escrow la 2014, la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, lilipitia PAC: Mwanasheria Mkuu alijiuzulu na mawaziri wawili wakaondoka. Udhaifu ni kwamba kamati inapendekeza tu, utekelezaji ni wa Serikali hiyo hiyo, na hoja za ukaguzi zisizofungwa hurudi mwaka unaofuata zikiwa na maneno yale yale. Mbunge asome kwanza sehemu ya utekelezaji wa mapendekezo ya miaka ya nyuma. Huko ndiko maswali mazuri ya nyongeza yalikojificha.