Tathmini: Paraloid B-72 kwenye mifupa ya kale, maabarani na kambini

Paraloid B-72 ni resini ya akriliki inayouzwa kwa punje ngumu, angavu kama vioo vilivyovunjika. Huko Marekani ilijulikana zamani kama Acryloid B-72, hivyo ukiliona jina hilo kwenye kadi ya kisukuku cha miaka ya nyuma, jua ni kitu kilekile. Ina kazi mbili: ikiyeyushwa nyepesi hunywewa na mfupa unaomomonyoka na kuushikilia, ikiwa nzito ni gundi ya kuunga vipande. Maabarani tunaipa alama za juu. Kambini, hasa penye jua kali, tunaipa za wastani tu, na sababu zake zimo humu.

Tuanze na sifa. Haigeuki manjano kwa miaka, na ikipakwa kiyeyushi kiitwacho asetoni hata baada ya muda mrefu inayeyuka tena na kutoka. Hilo la pili ndilo lenye uzito. Fuvu lililoungwa vibaya na gundi ya epoksi halifunguki bila kuvunjika upya, lakini kiungo cha B-72 hufunguliwa kwa pamba iliyoloa asetoni, kikarekebishwa, kikaungwa tena.

Kuiyeyusha kuna ustadi wake. Ukizimwaga punje chini ya chupa zitagandana kuwa donge moja linalokaa siku nzima. Zifunge kwenye chachi, zining'inize kwa uzi sehemu ya juu ya asetoni ndani ya mtungi wa kioo wenye kifuniko, uache usiku kucha. Resini itateremka yenyewe, maana ni nzito kuliko asetoni. Kwa mchanganyiko wa asilimia 5, weka gramu 50 kisha ongeza asetoni hadi ujazo ufike lita moja. Kilo moja ya punje basi inatoa lita 20, ambazo ni nyingi kwa msimu wa timu ndogo. Usitumie vikombe vyepesi vya plastiki vya kunywea: vya polistaireni huyeyuka na kuchafua dawa yote.

Asetoni nayo iwe safi. Ile ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi ina maji, mafuta na manukato. Thina ya duka la rangi ni mchanganyiko ambao huwezi kuujua. Zote mbili huacha mabaki kwenye mfupa.

Kosa linaloharibu mifupa mingi kuliko yote ni kuanza na dawa nzito. Mfupa ukiwa unga-unga, anza na asilimia 2 au 3, kisha panda hadi 5. Ukipaka ya asilimia 15 papo hapo, itakaa juu na kutengeneza gamba linalong'aa, huku ndani kukiwa bado na vumbi. Baadaye gamba hilo hubanduka na ngozi ya mfupa yenyewe. Futa vumbi kwa brashi laini, dondosha dawa kwa bomba la sindano kwenye ufa, uache mfupa uivute. Ukiona umeacha kunywa, simama. Kinachobaki juu kifutwe kwa kijiti cha pamba chenye asetoni kabla hakijakauka. Halafu funika kwa sanduku au nailoni: asetoni ikikauka haraka huirudisha resini juu, na kazi yote inaishia usoni mwa mfupa. Kwenye joto, ethanoli inafaa zaidi kwa sababu hukauka polepole. Mchanganyiko wake huwa na rangi ya maziwa chupani, usishtuke, ukikauka unakuwa angavu.

Kwa gundi, pima uzito kwa uzito: gramu 100 za punje kwa gramu 100 za asetoni, yaani kama mililita 127. Nyuso zote mbili za kiungo zipakwe kwanza dawa nyepesi na ziachwe zikauke. Bila hivyo mfupa mkavu huinyonya gundi yote na kiungo kinabaki kitupu. Kisha paka gundi upande mmoja, unganisha, achanisha kidogo, bana tena, na usimamishe kipande kwenye trei ya mchanga uzito wake ukibana kiungo wima. Juu hukauka kwa dakika chache, ila katikati ya kiungo kinene asetoni inabaki kwa siku kadhaa. Anayeinua mapema ndiye anayelalamika kuwa gundi haishiki.

Sasa kasoro. B-72 huanza kulainika kwenye nyuzi joto 40 hivi. Maabara ya Nairobi haitafika huko. Kando ya Ziwa Turkana, kisanduku cha chuma kilichoachwa juani kinazipita nyuzi hizo bila shida, na vivyo hivyo stoo ya mabati. Kiungo hakikatiki ghafla. Kinateleza taratibu, na paja la tembo lililoungwa sawasawa linakutwa limepinda. Wahifadhi wa nchi zenye joto huichanganya na Paraloid B-44, inayolainika karibu na nyuzi 60 lakini ni kavu zaidi na hupasuka kirahisi. Kwa mfupa mrefu na mzito, koti la plasta, yaani ganda gumu linalozungushiwa mfupa, ndilo libebe uzito. Gundi isitwishwe kazi hiyo.

Kasoro ya pili ni maji. Mfupa uliotoka kwenye udongo mbichi ukipakwa B-72 hupata utando mweupe, na dawa haizami. Ukaushe polepole kivulini kwanza, au tumia akriliki iliyotawanywa kwenye maji, ukijua kwamba hiyo ikishakauka ni ngumu zaidi kuitoa. Pwani, penye unyevu mwingi hewani, weupe huo hutokea hata kwenye mfupa mkavu, kwa kuwa asetoni ikiruka huupoza uso na kuvuta umande. Futa kwa asetoni, rudia kwa ethanoli.

Kwa wanaochunguza mazingira ya kale, agizo ni moja: sampuli kwanza, dawa baadaye. Kaboni iliyomo kwenye enameli (tabaka gumu la nje) ya jino la nguruwe au farasi wa kale huonyesha kama alikula majani ya miti au nyasi za nchi ya joto, na B-72 ina kaboni nyingi yenye asili ya petroli. Mfupa wa miaka elfu chache unaopimwa umri kwa kaboni-14 ukiwa na resini hiyo utaonekana mzee kuliko ulivyo. Anayesoma mikwaruzo ya ulaji kwenye meno naye atakuta utando umeifunika. Chonga unga wa enameli, uhifadhi kwenye kichupa, ndipo ufungue mtungi. Laetoli, eneo la nyayo za kale huko Tanzania, inakumbusha kwamba dawa ya leo ni mzigo wa kesho: nyayo zilizopakwa resini nyingine ya akriliki, Bedacryl, mwaka 1979 zilikutwa zimegeuka nyeusi zilipofukuliwa tena katikati ya miaka ya 1990.

Usalama hauna mjadala mrefu. Mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa au sigara na kuwaka. Fungua madirisha, au fanya kazi nje, mahali ambapo upepo unaupeleka mvuke mbali nawe na mbali na moto. Glavu za naitrili asetoni huzipenya upesi. Za raba ya butili ndizo zinazofaa.

Kuhusu ununuzi, zipo tyubu za gundi ya B-72 iliyo tayari, za kampuni ya HMG kutoka Uingereza. Kwa kuunga meno na vipande vidogo ni safi na huokoa muda, lakini kwa kunywesha mifupa ni ghali bila sababu, nunua punje. Punje husafiri kwa ndege bila tatizo, asetoni ni ya kununua huko uendako. Na kwenye kadi ya kila mfupa andika jina la resini, asilimia, kiyeyushi na tarehe. "Imepakwa gundi" haimsaidii mtu yeyote.