Seti ya kadi za ratiba kwa darasa la usonji: ununue au uprinti mwenyewe?

Walimu wenzangu wa vitengo vya usonji na nyie wazazi mnaofundishia nyumbani, ile seti ya kadi za ratiba (picha za kumwonyesha mtoto nini kinafuata nini kwa siku) inayouzwa sana mtandaoni, ile ya boksi la plastiki yenye kadi za picha, ubao wa kubandikia, velkro na kibao cha "kwanza – halafu" (picha mbili tu, kwanza fanya hiki, halafu kile), mmeniuliza wengi inbox kama inafaa, kwahiyo naandika hapa mara moja. Mi imenigharimu laki mbili na ushee mpaka kuipata mkononi hapa Dar.

Utengenezaji wake siupondi hata kidogo. Kadi nene, hazipindi, kona zimekatwa mviringo (kona ya plastiki inachana vidole jamani), afu hazing'ai. Hilo la kung'aa wengi hawalijui, kuna mtoto ukimpa kadi inayong'aa picha haioni kabisa, anacheza na mwanga wa dirishani, anaigeuza geuza mpaka kipindi kinaisha.

Shida ni picha zenyewe. Choo ni cheupe cha kukaa, chetu sisi cha kuchuchumaa na ndoo na kopo pembeni. Chakula ni mkate wenye nyama katikati na tufaha, wangu wanakunywa uji. Usafiri ni basi la njano la shule za Marekani, wao wanaletwa na bajaji. Sasa mtu atasema si unamwelekeza tu, ila wengi wa watoto hawa picha wanaichukua ilivyo, ukimwonyesha choo cheupe anakitafuta hicho hicho cheupe. Kuna mmoja alikuwa anafika mlangoni anagoma na kulia, tukawa tunahangaika naye, dada msaidizi ndo akaniambia, "Mwalimu, huyu hakatai choo, anakataa hii picha." Tukapiga picha choo chetu kwa simu, na ndoo yake ya bluu, tukaprinti. Akaanza kuingia.

Kwahiyo picha msinunue. Ingieni ARASAAC, tovuti ya michoro ya mawasiliano, ni ya serikali ya jimbo la Aragón huko Hispania, michoro amechora Sergio Palao, iko zaidi ya elfu kumi na ni bure, na michoro yenye watu unaweza kubadili rangi ya ngozi na nywele kabla ya kudownload. Mi natafuta kwa Kiingereza afu naandika neno la Kiswahili chini mwenyewe. Leseni yake hairuhusu biashara, nasema hivi maana kuna watu wa steshenari wanaprinti wanauza kabisa kama mali yao. Vitu vya kwenu kama uji, bajaji, choo, geti la shule, pigeni picha kwa simu, kitu kimoja kwa picha na nyuma kuwe wazi, msipige uji na mkono na meza na mwenzake anachungulia.

Kulamineti (kufunika karatasi kwa plastiki) A4 mtaani ni kama elfu moja mpaka mbili. Kata karatasi kwanza ndo ulamineti, uache ukingo wa plastiki kuzunguka, ukilamineti karatasi nzima afu ukakata maji yanaingia pembeni na kuna wale mabingwa wa kubandua, haichukui wiki. Velkro upande laini uweke kwenye kadi, ule wa miba ubaoni, sababu kadi ndo inashikwa na wapo wasiovumilia ule mkwaruzo, na uwe hivyo kwa kadi zote msichanganye. Nunueni rola Kariakoo, ile ya kwenye seti gundi yake imeachia mapema tu kwa hili joto.

Kitu kingine, kile kijitabu cha ndani kinasema ukiwa na kadi hizi unafanya PECS, yaani ule mfumo wa mtoto kuomba kitu kwa kumpa mtu kadi ya picha. Hapana bwana. PECS ya Bondy na Frost, tangu 1985, ni mafunzo yenye hatua, na hatua ya kwanza tu inataka watu wazima wawili, mmoja mbele ameshika kile mtoto anachokitaka, mwingine nyuma anamsaidia mkono wake utoe kadi, na yule wa nyuma haongei. Kadi zikining'inia ukutani hiyo ni ratiba tu, nayo ni nzuri, ila mtoto hajaomba kitu hapo.

Seti naipa nyota mbili kati ya tano, zote za ubao na kile kibao cha kwanza – halafu, ambacho fundi seremala anakutengenezea kwa bei ya soda kadhaa. Hela ikibaki nunua saa ya kuonyesha muda, ile ya duara jekundu linalopungua kama Time Timer, au hata ya mchanga, na zile hedifoni za mafundi za kuzuia kelele zipo maduka ya hadwea, mi nawavalisha wawili kabla kengele ya mapumziko haijalia.